Geti la Enjenyeri

Kaka yangu Saidi,

Jumatatu naanza fakilte, chuo kikuu chenyewe, na naogopa. Nakuambia wewe ingawa sijui uko wapi. Namba yako haiiti. Mtu mmoja alisema amekuona Kigoma ukichomelea mageti, mwingine akasema si wewe. Simu ikilia kwa namba ngeni, naipokea mbio.

Unakumbuka siku matokeo yako ya sekondari yalipotoka? Hujapangiwa hata fakilte, mtaa wetu wote wa Cibitoke ulishakupa cheo. Unawajua watu wetu: mtoto akifaulu asubuhi, jioni anaitwa kwa kazi atakayoifanya miaka mingi baadaye. Muuza mkaa akakuita Enjenyeri, injinia mzima, kinyozi naye Enjenyeri. Baba naye hakungoja, akachukua rangi nyekundu akaandika kwenye geti la atelye yake, karakana ya kuchomelea vyuma, herufi kubwa kama za duka la dawa: ENJENYERI SAIDI. Ulicheka, ukanifinya, ukaninong'oneza, "Mi hata hesabu sizipendi, we." Nilidhani unatania.

Mwaka wa pili ukaanguka mitihani na hukusema. Kila asubuhi ulibeba begi, ukalipita lile geti, ukaenda kukaa ufukweni kule Kibenga mpaka saa za kurudi. Tulikuja kuyajua hayo ulipokwisha kuondoka. Mpaka leo nikiwaza habari zako nawaza kulipita geti lile, kwenda na kurudi, na jina linakutazama. Mimi ningekimbia mapema kuliko wewe.

Ndiyo maana zamu yangu ilipofika, majirani wakaanza Dokta, Dokta, nilianza kupitia uchochoro wa nyuma. Nilimwomba baba mwaka mmoja kwanza, nisiingie popote. Shangazi akaja juu: msichana akikaa mwaka ataolewa, masomo ndiyo basi. Baba akazima mashine yake. Kisha akasema, "Akae. Mi nilimukimbiza mutoto moja. Wa pili simukimbizi."

Nikaenda kusaidia kwenye zahanati moja ya Mutakura, kufagia na kushika watoto wakifungwa vidonda. Wiki ya kwanza tu akaletwa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto. Nilikimbia, kaka. Nilikaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa nikisema haya, udaktari umeishia hapa. Muuguzi, mama mmoja mnene asiye na haraka, alinifuata na chai, wala hakunigombeza. "Pumua," akaniambia. "Ukimaliza, urudi unishikie mukono yake."

Nilirudi. Nikakimbia tena siku nyingine, nikarudi tena, hadi siku moja nikajikuta namwimbia mtoto huku kazi inaendelea.

Mwaka ule haukuniondolea woga, ila tumejuana, mimi nao. Najua nikikaa nje kidogo narudi. Najua naenda kusomea nini, na kwamba nimetaka mwenyewe. Inaniuma kwamba wewe hukupewa hata ndoo ya kukalia.

Na bado naogopa. Naogopa mtihani, naogopa wale walionitangulia mwaka mzima. Naogopa kwamba nikianguka nitabeba begi niende Kibenga kama wewe. Zaidi ya yote naogopa kwamba hutarudi, au kwamba huko uliko kuna jambo limekupata na hakuna anayejua wa kumpigia simu.

Leo asubuhi baba alitoka na brashi na kopo la rangi. Nikajua anakwenda kuniandikia DOKTA. Nilimfuata mbio nimwombe asithubutu. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya geti, anapaka rangi ya geti juu ya neno ENJENYERI, herufi kwa herufi, machozi yanamtoka na wala hayafichi. Jina lako hakuligusa. Aliponiona nimesimama pale, akalionyesha kwa brashi.

"Huyu ndiye nilimuzaa," akasema.

Kaka, geti sasa limeandikwa Saidi tu. Rudi ulipite.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja na woga wangu.