Ukuta Ulionyonya

Wayllapata, Desemba

Dada yangu Eufrasia,

Kuna sauti iliyonikaa masikioni tangu mvua za kwanza, na sitaweza kukusalimu vizuri kabla sijaitaja. Ni sauti ndogo, kama ya mtoto wa alpaka anayenyonya huku mama yake anataka kuondoka: mvuto, kimya kidogo, halafu mvuto tena. Niliisikia nikiwa nimelaza sikio kwenye ukuta wa bwawa letu jipya. Sasa imenyamaza, lakini bado naamka nikiitega.

Baada ya hilo, pokea salamu zangu za mapenzi. Mnaendeleaje huko Ica? Joto mnalivumilia? Shemeji Wilber mgongo umepata nafuu, au bado anainama kwenye mizabibu ya watu kama kawaida? Wabusu watoto, na umwambie mdogo kwamba lama wake mweupe amezaa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula viazi vyake vilivyokaushwa kwa baridi, anasokota sufu, anagombana na mbwa. Kitambaa kilichoanguka ulipofungua bahasha kiweke kando kwanza. Usikitupe, wala usikifue. Utajua ni cha nini ukifika mwisho.

Ulipoandika kwamba umemwandalia Mama chumba, nilikuomba tusubiri bwawa. Nilijua hukupenda. Lakini ulimwona mwenyewe alipokuja Ica kwenye ubatizo, alivyokaa kwenye kiti wiki nzima akingoja mtu ampe kazi. Mwaka huu chemchemi ilikauka tena mwezi wa Agosti, na alpaka wawili walimfia njiani akiwapeleka kunywa bonde la pili. Bwawa lisiposhika maji, itambidi auze mifugo na kushuka kwako. Wewe unaliita hilo pumziko. Mimi naona angekufa akiwa amekaa.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema kwamba lile bonde dogo juu ya nyumba lilizaliwa mdomo wazi, linangoja mtu wa kulifumba. Basi tulilifumba, kijiji kizima, mwaka mmoja baada ya kumzika. Tulichimba mtaro kukata mdomo wa bonde mpaka tukafika kwenye ardhi ngumu, tukaujaza udongo wa mfinyanzi. Udongo niliuchagua mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma uinjinia kule Huamanga. Niliuviringisha viganjani hadi ukawa kama kamba, nikaukunja pete kuona kama utapasuka, na haukupasuka. Tuliulowanisha, tukautandaza tabaka jembamba juu ya tabaka ili upande kuwa ukuta, na juu ya kila tabaka tukazungusha lama, alpaka na kondoo wote wa kijiji mpaka kwato zao zikauacha mgumu kama sakafu. Don Hermógenes, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu, alisema hajawahi kuona wanyama wakicheza ngoma wakiwa hawajalewa.

Siku ile tuliyofika katikati ya ukuta, karibu na jiwe kubwa, watu walishuka kula. Mama alikataa kushuka. Alisema lama wake wamepata moto wa kazi, wakisimama watagoma. Tuliporudi, tabaka la pale lilikuwa limeshafunikwa na kukanyagwa, na yeye amekaa juu yake anatafuna majani ya koka. Nilimsifu mbele ya watu. Sikuwaza kitu.

Kisha mvua zikaanza. Maji yalikusanyika, yakafika magotini, na watu wakapanda kuyatazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Siku chache baadaye, chini ya ukuta upande wa nje, majani yalilowa. Halafu kukawa na kijito chembamba kama kidole. Don Hermógenes alikiangalia muda mrefu, akanigeukia mbele ya wanawake wote.

“Injinia, bwawa lako linakojoa kabla halijashiba.”

Walicheka, na mimi nilicheka kidogo ili wasione uso wangu. Lakini yeye hakuwa na raha. Nyumba ya mama mkwe wake iko chini ya ukuta ule, na mazizi ya kondoo wa watu wengi. Kwenye mkutano alisema ukuta unaovuja wakati maji yako magotini utabomoka yakifika kifuani, tena utabomoka watu wamelala. Mmoja akasema udongo wa vitabuni haujui mvua ya huku. Wakakata shauri: tungoje sikukuu ya mtakatifu wetu ipite, na kama bado unavuja, tuukate kwa majembe na kuyaachia maji kabla hayajajiachia yenyewe. Hakuna aliyekuwa tayari kujenga mara ya pili. Mama alikuwa amekaa nyuma, anasokota. Hakuinua macho.

Kutoka siku ile nilishinda ukutani. Nilirudia udongo wangu mkononi, nikaukunja pete, haukupasuka, na kila ulipokataa kupasuka nilizidi kuogopa, maana kama kosa halikuwa la udongo sikujua ni la nini. Mwishowe nilichukua ule unga mwekundu wa wadudu wa dungusi, ambao Mama huutumia kutia sufu rangi, nikawa naumimina kidogo kidogo majini huku nikitembea kando ya ukuta. Kwingine kote ulitanda ukapotea. Penye jiwe kubwa ulivutwa kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano. Nilikimbia upande wa pili nikapiga magoti kwenye majani. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, na maji yakaja mekundu.

Mama aliniona mikono jioni ile. Nilidhani atanigombeza kwa kuharibu rangi yake. Aliuliza nimeimwaga wapi, nikamwambia.

“Pale usichimbe,” akasema.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema pale pameshikwa vizuri kuliko kwingine kote. Nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba ndipo panapovuja.

“Basi mpe muda. Ataziba.”

Akaenda kumfunga lama. Nilidhani anausema mlima, kama wazee wanavyousema, kana kwamba ni mtu. Nililala na hasira, Dada. Nilijiambia kwamba nimesoma miaka yote ile ili nije nishindane na mlima.

Siku ya sikukuu kijiji kizima kilishuka kanisani na tarumbeta zao. Mama hakwenda, alipandisha mifugo malisho ya juu. Mimi nilibeba koleo nikaenda kwenye jiwe. Nilimkuta mtu ameshafika, amevua viatu, anakata mabonge ya majani pamoja na udongo wake, ya kuzuia maji. Alikuwa Shangazi Ubaldina.

Najua jina hilo linakufanyaje. Siku ya tano baada ya maziko, nguo za Baba zilipopelekwa mtoni kufuliwa na kuchomwa ili aende zake, poncho lake, lile vazi la sufu alilojitanda kila siku, halikuonekana, na aliyefunga furushi alikuwa Shangazi. Ulimwita mwizi wa maiti mbele ya waombolezaji. Mimi sikusema kitu, na kila mtu alielewa kunyamaza kwangu kuko upande gani. Toka hapo hajakanyaga kwetu. Nilimuuliza amefuata nini. Alisema hakunifuata mimi, amefuata kondoo wake, ambao kwa bahati mbaya wanalala chini ya ukuta wa mpwa wake.

Tulijenga kizuizi kama nusu duara ndani ya maji, kuzunguka ile sehemu, tukayakomba yaliyobaki kwa masufuria. Mawingu yalikuwa yanajipanga nyuma ya mlima, meusi upande wa chini. Shangazi alikuwa akiyatazama, akitazama kizuizi chetu, halafu anaongeza mwendo. Nilichimba. Udongo ulikuwa mgumu hata koleo likaruka, na moyo wangu ukafurahi kwa ujinga, kwamba udongo wangu ulikuwa mzuri. Kisha koleo likazama lenyewe. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikashika kitu chenye manyoya, kilicholowa, chenye kuteleza. Nilidhani ni mnyama. Nilipiga kelele na kuvuta kwa wakati mmoja.

Lilikuwa poncho la Baba.

Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa kwa ile kamba aliyoisokota Mama walipokuwa wachumba. Kahawia yake imekuwa nyeusi, lakini mistari myekundu bado ilionekana. Kwenye mikunjo sufu ilikuwa imeanza kuoza. Ilikuwa imekunywa maji, ikayapitisha, na pale ilipooza ikaacha njia. Tundu nililokuwa nikilitafuta lilikuwa na upana wa furushi la nguo. Baba alitaka bonde lile lifumbwe, na Mama alimpeleka akalifumbe.

Shangazi alikaa chini kwenye tope. Alilipokea, akalinusa, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

“Mwaka mzima natukanwa mwizi, kumbe kaka yangu yuko huku anafanyishwa kazi ya kijiji. Huyu mama yenu Fortunata, hata maiti hampumzishi.”

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Nilikuwa namwona Mama amekaa juu ya tabaka lile anatafuna koka. Shangazi alisimama, poncho mkononi, akageukia njia ya kanisani. Tarumbeta zilisikika mpaka kule juu. Alikuwa na haki ya kushuka nalo na kuliinua mbele ya watu wote waliomwita mwizi, na mimi sikuwa na haki ya kumzuia. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba akishuka, watasema Fortunata ndiye aliyetoboa bwawa, na Mama hatakaa tena kijijini. Sikumsihi. Ngurumo ya kwanza ilipiga.

Alilitundika poncho kwenye jiwe. “Shika koleo,” akasema. “Tukisimama hapa kuulizana nani mwizi, maji yatatuchukua wote.”

Tulijaza lile tundu kwa udongo, tabaka kwa tabaka, tukilikanyaga kwa miguu mitupu, tumeshikana mabega ili tusiteleze. Kisha akawaleta kondoo wake na kuwazungusha pale, akiwatukana kwa majina ya majirani. Tulipoweka tabaka la mwisho mvua ilikuwa inatupiga usoni. Maji yalipanda, yakafunika kizuizi, yakauegemea ukuta. Alfajiri nililaza sikio. Palikuwa kimya. Nilikaa pale muda mrefu kwa sababu sikukiamini.

Mama aliporudi kutoka malishoni alipita moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Aliuangalia udongo mpya na alama za kwato ndogo. Akaniuliza nimechimba kina gani. Nikamwonyesha kwenye kiwiko.

“Ukakuta nini?”

“Mizizi, Mama.”

Alichukua ncha ya shali yake akanifuta tope shingoni, kama tulipokuwa wadogo.

“Mizizi huoza,” akasema, na kwenda kuwasha moto. Hakuuliza tena, nami sijui mpaka leo ni nini alichoelewa.

Kwenye mkutano nilisimama nikasema kosa ni langu, kwamba niliacha mizizi kwenye udongo na ndiyo iliyotoboa njia. Don Hermógenes alisema ni heri injinia anayejifunza kuliko asiyejifunza, na watu wakacheka kwa wema, kwa kuwa maji yalikuwa yamefika kiunoni na chini ya ukuta palikuwa pakavu. Bwawa litakalojengwa mwakani juu ya shule, udongo atauchagua mtu mwingine. Nilikubali. Shangazi alikuwa akiangalia mikono yake.

Juzi mimi na yeye tulilipeleka poncho mtoni, chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayefulia. Tulilifua kwenye maji yanayokwenda, kama ilivyopaswa kufanywa siku ya tano. Tukalianika juani nyuma ya zizi lake mpaka likakauka, kisha tukalichoma. Sufu haikutaka kuwaka. Tuliipulizia kwa zamu. Nilikata ukingo kidogo kabla. Ndicho kitambaa kilichoanguka kwenye bahasha yako.

Jana kijiji kilipanda kuongeza tabaka la juu kabla ya mvua kubwa za Januari. Jivu la poncho lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nililimwaga kwenye udongo wa pale penye jiwe, gao moja tu la kiganja, ambalo haliwezi kuuharibu, nikauponda mpaka halionekani. Mama alikuja na lama wake. Aliwazungusha ukuta mzima, lakini pale penye jiwe aliwazungusha zaidi, taratibu, akiwaimbia kwa sauti ya chini, mpaka Don Hermógenes akamwambia pametosha, wanyama watatoka upande wa pili. Anakaa pale kila jioni sasa. Anaongea. Sijaenda karibu kumsikiliza.

Kwa hiyo, Dada, Mama haji. Chumba kile kipangishe. Msalimie Shemeji Wilber na watoto, wasalimie na watu wa kwetu mnaokutana nao huko mashambani, na waambie Wayllapata ina maji. Mama anakusalimu; amesema ule vizuri na usifue nguo usiku. Barua hii inashuka na lori la viazi, na lori hilo hilo litapanda wiki ijayo.

Shangazi Ubaldina pia anakusalimu. Hakunituma, lakini nimeshamwambia kwamba umejua yote, umelia, na umemwandikia barua ya kumwomba radhi, iko njiani. Alivaa shali yake nzuri akaenda kumuuliza dereva lori linarudi lini. Nimedanganya vya kutosha mwezi huu. Usiniache nikawa nimedanganya na hilo.

Mdogo wako akupendaye,
Nélida