Yahusu Bakuli la Samaki Mbichi na Amri ya Kunirudisha Singida

Mtawanya, Kibiti

Kwa Kaka Elia, mkubwa wa nyumba yetu,

Shikamoo. Salamu hii iwafikie pia wote walio chini ya paa lako. Naomba kufahamishwa hali ya goti la Mama tangu mvua zianze, na kama mtama wa kule bondeni umeota. Mimi ni mzima wa mwili, na nia yangu ni nzima kuliko mwili.

Ujumbe wako wa simu umenifikia. Umeagiza kwamba ifikapo Krismasi niwe nimeuza nyumba pamoja na mikorosho, nije kuishi uani kwako, kwa kuwa tangu mume wangu Mwalimu afariki sina wa kuniangalia, na kwa kuwa sasa nimefikia, kwa maneno yako, "kula samaki wabichi kama paka". Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu huwa unakatiza maneno ya watu. Barua haikatizwi. Kwa heshima na taadhima, naomba uisome hadi mwisho.

Mshitaki wangu namjua. Ni Yona, mtoto wa Baba Mdogo, aliyepita hapa kununua korosho. Yona ana macho mazuri na kumbukumbu fupi, kwa hiyo nalazimika kumalizia ushahidi wake.

Chakula alichokiona kinaitwa poke. Asili yake ni visiwa vya mbali, na nilionyeshwa kwenye simu na binti mmoja anayepika hotelini Dar es Salaam, mtoto wa jirani yangu Bi Siwema. Nilipoitazama picha ile sikuona kitu kigeni hata kimoja. Wali tunao, mchele wa Rufiji. Ufuta tunao. Huu ni msimu wa maembe, na korosho mpya ndizo hizo zilizomleta Yona. Nikasema, kama vitu vyote viko mlangoni pangu, nani wa kunizuia?

Jodari nilimnunua kwa mchuuzi aletaye samaki wa Nyamisati wakiwa ndani ya barafu. Sikumla siku ile. Yule binti alinionya kwamba samaki wa kuliwa mbichi huweza kuwa na wadudu wasioonekana, ambao hufa akigandishwa, hivyo nikaomba nafasi katika friza la duka la vinywaji, akakaa humo juma zima hadi akawa mgumu kama gogo. Siku ya ugeni wa Yona, nilipomwalika na Bi Siwema, nilimkata vipande vidogo mfano wa kete za bao, nikamtia ndimu, tangawizi na sosi ya soya. Wali niliupika bila nazi, nikaupepea kwa ungo hadi ukapoa. Juu nikapanga embe lililoanza kuiva, tango, kitunguu na pilipili, nikanyunyizia ufuta uliokaangwa na korosho zilizopondwa. Kaka, hiyo ndiyo kazi ya paka? Paka gani aliyepata kukaanga ufuta?

Kosa nilifanya, nalo si hilo ulilonishitakia. Nilifuata ile picha, nikampa kila mtu bakuli lake. Nimeishi Pwani miaka mingi, najua kwamba hapa watu hula sinia moja, lakini macho yalinidanganya. Bi Siwema alilitazama bakuli lake, akalitazama la Yona, kisha akanigeukia.

"Mke wa Mwalimu, kwani mie naumwa kifua kikuu, hata unitenge na bakuli langu?"

"Hapana, Bi Siwema, ndivyo kinavyoliwa."

"Kinavyoliwa na nani? Wagonjwa na waliogombana. Mie na wewe tumegombana lini?"

Yona naye alikuwa amelisukuma lake mbali. "Dada Marta, huyu samaki bado anapumua."

"Basi mfunge kamba asikukimbie, baba," Bi Siwema akamjibu. "Bara kwenu mnachemsha hata maji ya kunawa?"

Akaingia jikoni kwangu bila kuomba ruhusa, akatoka na sinia, akamimina mabakuli yote matatu, akasema Bismillahi na kutia mkono. Alitafuna polepole. Hatimaye akasema, "Pilipili haitoshi," akaendelea kula. Yona aliona aibu kushindwa na bibi asiye na meno ya nyuma, akasogea. Hilo hakukuambia, wala hakukuambia kwamba vipande vya mwisho vya jodari alivikusanya yeye kwa vidole, akauliza kama vipo vingine.

Sasa naijia hoja yako. Wasema sina wa kuniangalia. Mtu anayeingia jikoni kwangu bila hodi na kunikataza nisile peke yangu, huyo ananifanyia nini, Kaka, kama si kuniangalia? Tena wewe mwenyewe hunywa maziwa kibuyuni ambayo hayajawahi kuona moto, na hakuna aliyekuamuru uuze nyumba yako. Mikorosho hii niliipanda na Mwalimu. Siiuzi. Nyumba siiuzi. Uani kwako naomba mfugie kuku.

Krismasi nitakuja, kama mgeni, na mkoba mmoja. Ufunguo wa nyumba anabaki nao Bi Siwema.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kuchua goti ninayo. Nisalimie wifi yangu, ambaye najua hakushauriwa juu ya mimi kuhamia kwenu. Baba Mdogo naye umsalimie, umweleze kwamba mwanawe anakula vizuri awapo safarini.

Jodari hawezi safari ya Singida, hivyo nitaleta mchele, ufuta, korosho na maembe, na juu yake tutaweka kuku wa Mama, aliyeiva kabisa ili usipate hofu. Nitapakua katika sinia moja. Ukitaka bakuli lako peke yako utapewa, ila nitalazimika kukuuliza unaumwa nini.

Ndimi mdogo wako, mtiifu katika mambo yote isipokuwa hili,

Marta, mke wa marehemu Mwalimu