Asali ya Mama Mkwe na Tumbo la Baraka

Jumapili, Itetemia

Nimemkatalia mama mkwe. Alifika asubuhi kutoka Urambo na chupa ya asali, akataka kumlambisha Baraka, mwanangu wa miezi miwili.

"Hapana, mama. Asali ni hatari kwa mtoto asiyefikisha mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu. Maziwa yangu yanamtosha."

"Baba yake nilimlambisha, na akakua."

Nikamweleza kama nesi alivyonieleza: Baraka alizaliwa kwa upasuaji, kisha akapewa antibiotiki, kwa hiyo bakteria wazuri wa tumboni mwake ndio kwanza wanaanza kujenga makao. Maziwa ya mama yanawalisha. Kukumbatiwa ngozi kwa ngozi nako kunasaidia.

Akanigeuzia mgongo. Nilidhani amenuna. Kumbe alikuwa anafungua kanga yake. Akamlaza mjukuu kifuani.

"Basi na bakteria wangu atawapata," akasema.

Wasiwasi ninao. Zile antibiotiki huenda ziliua bakteria wazuri wengi, sijui... Lakini ananyonya kwa nguvu na uzito unapanda. Tutafika.

Jioni kajaza nepi, choo laini cha njano, dalili kwamba maziwa yanamkubali. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.