Barua ya Kuachishwa Kazi

Jumanne, Xiaobei, ugenini Uchina

Eti barua! Mara ya tatu hii naenda kuomba msaada wa chama chetu cha wahamiaji, chama nilichokichangia miaka minne bila kukosa hata mwezi mmoja, na mara ya tatu narudi mikono mitupu.

"Msaada ni wa waliopoteza kazi," akasema Mzee Hemedi, mwenyekiti, huku anamung'unya mfupa wa kuku. "Lete barua ya mwajiri wako kwamba amekuachisha."

Mwajiri wangu ni nani? Si ni yeye! Miaka yote hiyo nimemtafsiria Kichina kwenye maduka ya jumla ya Zhanxi, nikibishana bei kwa niaba yake hadi sauti inakauka.

"Basi niandikie hiyo barua, Mzee."

"Mimi sikukufukuza, binti yangu. Nimenunua tu simu inayotafsiri."

Kodi ya chumba imefika, na huyu ananiambia habari za simu.

Hapo hapo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa laoban, yule bosi anayemuuzia Mzee viatu. Anaongea Kikantoni, lahaja ya huku ambayo simu haiielewi, ikatoa upuuzi mtupu. Mzee akanisogezea simu bila hata haya. "Hebu nisikilizie, anasemaje?"

Nikasikiliza. Viatu vya wanaume vimekwisha. Asipojibiwa kabla ya saa kumi, atampakilia Mzee vya watoto.

"Anakusalimia," nikamwambia, nikaondoka zangu.

Saa kumi imepita zamani. Naogopa, sitajidanganya. Ila kesho, akishajua nilichomficha, nadhani ile barua ataniandikia.