Majina Yaliyofutika Newala

Newala

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mama ananiambia baridi ya Lushoto imekukaba tena, na dawa unazificha chini ya mto. Zimeze, tafadhali. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ningelia.

Mkuu wetu wa ofisi alinipa kazi ya kufunga seva kwenye kompyuta kuukuu yenye majina ya wakulima wanaongoja salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mikorosho ikianza kutoa maua, ili kila dawati liweze kuyasoma. Seva yenyewe haiendi bila programu nyingine iitwayo Java. Nikapakua Java mpya, lakini Windows ya mashine ile ni ya zamani mno, ikaikataa. Siku tatu nilihangaika kutafuta toleo la zamani linaloelewana nayo. Nilipolipata, seva ikawaka na kuzima papo hapo; kumbe programu nyingine ilikuwa imekalia namba ya mlango wake, yaani njia ambayo kompyuta nyingine huipitia kuifikia. Nikaipa namba nyingine, ukurasa ukafunguka, majina yote yamepangika. Nilicheka peke yangu, Baba.

Nilikuwa nimeshaomba diski ya kunakili majina hayo. Mkuu akasema ningoje. Ijumaa nikaenda foleni ya maji, maana hapa bomba likitoa maji huliachi. Niliporudi nikamkuta yeye na jamaa yake kutoka Masasi wameweka Windows mpya na kufuta kila kitu. Alisema amechoka kuniona nikibembeleza vitu vya kizee.

Jumatatu akanipa karatasi inayosema mimi ndiye niliyefuta. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na yeye ndiye wa kuuongeza. Nilisaini. Ulinifundisha kusoma karatasi kabla ya kutia saini. Hiyo niliisoma mara mbili.

Juzi akaja Mama Hamisi, mjane aliyepanda kwa miguu kutoka bondeni Ruvuma kuulizia salfa yake. Mkuu akamweleza mbele yangu kwamba mtaalamu alikosea akafuta majina, wakulima wataandikishwa upya, na wengine huenda wakakosa mwaka huu. Mama Hamisi akanigeukia.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Hakunitukana. Alikaza kanga yake kiunoni, akasema mikorosho yake imeshaanza kutoa maua, akaondoka.

Msalimie Mama, ila barua hii usimsomee. Msalimie na shangazi Rehema aliyenikalisha kwake nilipokuwa chuo. Akiuliza, mwambie kazi bado ninayo.

Mwanao,
Neema