Maji ya Kidevuni

Mlingotini

Mjukuu wangu Mwinjuma, mume wangu,

Mimi mzima. Sophia wa jirani ananiandikia.

Mwani wa kina kifupi umepauka wote kwa joto. Nikahamisha kamba za mwani kilindini kwa ngalawa ya kuazima, kama ulivyosema. Huko baridi ipo ila jua halifiki, mwani ukadumaa. Sasa nimepata pa katikati, unastawi mwekundu. Lakini hapo, hata maji yakipwa, yananifika kidevuni.

Juzi Adila, mwenzangu wa shambani, aliteleza. Nilimvuta kwa kanga yake, tukanywa chumvi wote wawili. Kuogelea hatujui.

Chuoni wamekufundisha mwani unataka nini. Mbona hawakuuliza bibi yako ana urefu gani?

Jumatatu tunaingia tena. Njoo kabla, unifundishe kuogelea. Ukinicheka, nitakuzamisha mwenyewe.

Bibi yako,
Mwanaharusi