Karibuni, Hapa ni Kwenu

Chara, 3 Februari 2025

Martin mwanangu,

Bwana asifiwe. Hujambo? Huko Garsen unapata usingizi na joto hili? Sisi wazima, ila goti langu ni lile lile, na sasa nina hasira pia. Hao watafuta mafuta wa kampuni yako wamefyeka msitu wa mtoni mpaka kwenye mizinga yetu ya nyuki. Miti juu ya kaburi la babako wameifunga utepe mwekundu, eti itang'olewa. Nikiuliza, naambiwa wenyeji walikubali. Nani alikubali? Wewe ndiye mkalimani wao, hebu waulize.

Mamako, Lois

Garsen, 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Nimempa Nyale wa bodaboda dawa ya kuchua. Nimeuliza, na aliyekubali ni wewe. Siku ile walipofika uani kwako ulisema, "Karibuni, hapa ni kwenu." Nilitafsiri neno kwa neno, wao wakaandika kwamba mmewapa ardhi. Usinikasirikie.

Mwanao, Martin

Chara, 11 Februari

Martin,

Marahaba. Dawa imefika, inanuka. Nisikukasirikie vipi? Mgeni amesimama juani, nimwambie apotee? Hata Liban mfugaji akileta ng'ombe wake kunywa maji namwambia hapa ni kwake, na jioni anaondoka nao. Hajadai hata kijiti! Wewe umelelewa nyumba hii, halafu salamu inakushinda kueleza! Jumatatu wanaleta matingatinga. Sisi akina mama tutakaa njiani. Njoo nao, utafsiri kama mtu mwenye kwao. Nimechoka na wewe, lakini njoo.

Mamako bado, Lois

Garsen, 18 Februari

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje baada ya kukaa chini siku nzima? Jana uliniona mwenyewe. Nilitafsiri yote, kaburi, mizinga, hata yale matusi ya mama Stacy, ambayo kusema kweli yalinishinda kidogo. Matingatinga yakageuka yakarudi. Nilipofika ofisini nikaambiwa nivue kofia yao na buti zao. Nimerudi chumbani pekupeku, na mara ya kwanza mwaka huu nimelala vizuri.

Lakini msishangilie. Kesho wanarudi na mkalimani mwingine. Ni Elvis, mtoto wa dada yako. Muwahi wewe leo hii, kabla hajatafsiri; mimi hapokei simu yangu.

Mwanao, Martin